Aliyeachwa Same na Aliyerudi Mlimani

Karatasi ikitoka kwenye mashine ya fotokopi huwa na joto lake, na harufu yake mimi naijua kuliko harufu ya uji. Juzi ofisini mwenzangu alinikabidhi rundo la nakala zikiwa bado za moto, nikajikuta nimezinusa mbele yake. Akaniuliza, "Dada, zina nini hizo?" Nikamwambia hazina kitu, tuendelee na kazi. Ningemwambia nini? Kwamba zinanikumbusha mwaka ule nilioachwa Same? Angesema nimechanganyikiwa. Lakini tangu siku hiyo sijakaa sawa, na kwa mtu kama mimi, ambaye kutotulia nilizaliwa nako, dawa ni kusema yakaisha.

Kwetu ni juu, upande wa kusini wa Milima ya Upare, kwenye migomba na baridi ya asubuhi. Nyumbani tulikuwa watatu: Mama, dada yangu Nakunda, na mimi. Baba alikuwa Bendera, kule chini tambarare, akilima mahindi kwenye shamba la kukodi, na alikuja akipata nafasi, na nafasi hakuipata mara kwa mara. Nakunda alinizidi mwaka mmoja lakini tulisoma darasa moja. Sababu ni mimi. Siku Mama alipompeleka kuandikishwa darasa la kwanza niliwafuata nyuma nalia. Akanirudisha, nikatoroka. Akanirudisha tena, nikapita kwenye migomba nikawatangulia mbele. Mwalimu mkuu aliponiona nimesimama mlangoni kwake nina matope mpaka kwenye nyusi alisema, "Mwacheni akae, atachoka mwenyewe." Basi ndiyo nikasoma. Sikuchoka, nilichosha wenzangu.

Pale kijijini nilikuwa naitwa Kiherehere, na hata mchungaji nadhani jina langu la ubatizo alikuwa amelisahau. Nakunda alikuwa kinyume changu. Ukimtuma alikwenda na kurudi. Ukimwambia angoje, alingoja. Ninyi mnaotoka kwetu mnajua kungoja ni kazi yenye thamani kiasi gani, kwa sababu ya ndiva. Kwa wasioijua: ndiva ni bwawa la udongo walilochimba mababu, linakusanya maji ya chemchemi usiku kucha, na alfajiri linafunguliwa maji yateremke kwa mfereji kwenda kwa wenye zamu. Zamu ikiwa yenu, lazima awepo mtu wa kuyasindikiza maji, na mwingine wa kukaa pale mfereji unapogawanyika. Asipokuwepo, kuna jirani mwenye konzi ya udongo na jani la mgomba, na kabla hujapiga chafya maji yako yako kwake. Na ukienda kulalamika, kesi inasikilizwa mpaka msimu unaisha. Wapare na kesi, wenyewe mnatujua.

Kwetu aliyekaa kwenye njia panda ya mfereji ni Nakunda. Mama alikwenda na jembe shambani kuyapokea maji, na Nakunda alikaa pale juu na kitabu mapajani, mguu mmoja ndani ya maji ili akihisi yamepungua ajue. Mimi nilijaribiwa siku moja Nakunda alipokuwa na homa. Nilikaa. Nilikaa kabisa, kwa muda niliouona mrefu sana. Halafu nikasikia watu wa msaragambo, ile kazi ya kijiji kizima, wakiimba kule bondeni wanapotengeneza barabara, nikasema niende nichungulie nirudi. Niliporudi mfereji wetu ulikuwa mkavu, na Mama amesimama katikati ya maharage na jembe lake. Hakunipiga. Alisema tu, "Wewe basi," na tangu siku hiyo sikupewa tena maji kulinda.

Sasa akaja Shangazi, dada yake Baba. Yeye aliishi Same mjini, ana steshenari karibu na stendi ya mabasi: kalamu, bahasha, fotokopi, picha za pasipoti. Mungu hakumjalia mtoto. Alipanda na gari la mlimani Jumamosi moja, akatusalimia, tukasema shikamoo, akasema marahaba, na kabla hajakunywa chai akatoa ya moyoni. Kuna shule ya Kiingereza imefunguliwa Same, nzuri, watoto wanavaa soksi ndefu. Anataka kumsomesha mmoja wetu. "Mmoja," alimwambia Mama. "Wawili ningependa, wifi, lakini uwezo wangu ni wa mmoja." Ila huko huingii hivihivi, kuna intavyuu, na intavyuu yenyewe ni ya Kiingereza. Tutaifanya wote wawili, ndiyo itaonekana nani ni nani.

Akafungua mkoba akatoa mazoezi aliyotutolea fotokopi. Zilikuwa nakala zilizoharibika, zile ambazo mashine imezipiga mistari myeusi na hawezi kumuuzia mteja. Kila karatasi ilikuwa na sentensi, na kila sentensi ilikuwa na neno lililopigwa mstari, na wewe kazi yako kusema: hili ni kivumishi au ni kielezi? Adjective au adverb? Nakunda alizishika zile karatasi kwa ncha za vidole. Kisha akauliza swali lake la pekee siku ile. "Shangazi, huko kuna maktaba?"

Mimi sikuuliza maktaba. Niliuliza kama kuna umeme na kama basi la Dar es Salaam linaonekana ukiwa nyumbani. Nilikuwa naitaka Same kwelikweli. Niliitaka kwa sababu ilikuwa kwingine, basi. Nakunda alikuwa anaitaka ile shule yenyewe. Hakusema, hakuwa mtu wa kusema, lakini jioni ile nilimwona amekaa jikoni anachambua maharage ya makande huku karatasi iko sakafuni mbele yake, imebanwa na jiwe, na midomo yake inacheza.

Hayo mambo ya adjective na adverb shuleni kwetu tulikuwa tumeyaimba. Mwalimu wetu wa Kiingereza, mzee mmoja mpole aliyekuwa akifundisha pia kilimo, alisimama mbele akasema kivumishi kinaeleza nomino na kielezi kinaeleza kitenzi, nasi tukarudia kwa sauti mpaka mbuzi wa jirani wakakaa mbali na dirisha. Tulijua kuimba. Ukitupa sentensi tulikuwa vipofu. Mimi nilikuwa nimejitungia njia ya mkato: neno likiwa na mkia, ule wa "ly," ni adverb, likiwa halina mkia ni adjective. Upesi upesi, nimemaliza, natoka kucheza. "Quick" haina mkia. "Quickly" ina mkia. Shida iko wapi?

"Shida iko hapa," Nakunda alisema, akanionyesha sentensi iliyokuwa na mbwa. "A friendly dog. Umeandika adverb."

"Ina mkia."

"Usitazame mkia. Tazama neno linamwagilia nani."

Nikamwambia hayo ni maneno gani tena. Akaweka ungo wa maharage chini, akanieleza taratibu, na nawaambieni, nimesoma mpaka chuo kikuu sijasikia maelezo yaliyoniingia kama yale. Alisema neno ni kama maji ya zamu. Huwezi kujua ni ya nani kwa kuyatazama rangi. Unafuata mfereji uone yanaishia shamba la nani. Yakiishia kwa mtu au kitu, ni adjective. Yakiishia kwenye kazi, namna kazi ilivyofanyika, ni adverb. "Friendly" inakwenda kwa mbwa. Mbwa si kazi. Na hii hapa, "Father works hard," haina mkia, lakini "hard" inakwenda wapi? Si kwa Baba. Inakwenda kwenye kulima kwake.

"Nani kakufundisha?" nikamuuliza.

"Hakuna. Nilikuwa nimekaa pale mferejini, nikaona."

Nilielewa, kisha nikaenda kucheza, na nilipofika uwanjani nilikuwa nimeshasahau nusu. Ndivyo nilivyokuwa. Siku zile zote mpaka intavyuu sikuweza kukaa na karatasi ile mpaka mwisho. Nilianza, nikasikia bodaboda inapanda kona, nikatoka kuona ni nani kaja. Mama alinitazama akatikisa kichwa. Kwetu mtoto hasifiwi akiwa anasikia, inasemekana anaota pembe, kwa hiyo Nakunda hakuambiwa neno zuri hata moja. Mimi ndiye niliyesemwa mchana kutwa.

Siku ikafika tukashuka Same. Joto la kule chini lilinipiga usoni, na upepo, na vumbi, na mabasi yanasimama watu wanakimbilia madirishani na ndizi na maji ya chupa. Nilitaka kusimama pale stendi maisha yangu yote. Kwenye chumba cha mtihani walitukalisha mbalimbali, Nakunda dirishani na mimi nyuma. Niliipiga ile karatasi kama mtu anayefukuza kuku. Mikia, mikia, mikia. Katikati nikakumbuka maji ya zamu, nikarudi nikabadilisha baadhi, nyingine nikaziacha, nikakabidhi kabla ya mtu yeyote. Mwalimu aliyekuwa anasimamia aliitazama karatasi, akanitazama mimi, akasonya kidogo. Nikatoka nje kwenye bomba, nikachezea maji mpaka viatu vikaloa. Nakunda alitoka wa mwisho.

Jioni ya siku iliyofuata Shangazi alikwenda shuleni kuchukua majibu. Aliporudi, yeye na Mama waliingia nyuma ya duka wakaongea Kipare kwa sauti ya chini, muda mrefu. Sisi tulikaa barazani. Nilisikia jina la Nakunda likitajwa, kisha langu, kisha la Nakunda tena. Nilisikia Shangazi akisema, "Wifi, fikiri," na Mama akisema ameshafikiri. Walipotoka, Shangazi alikwenda duka la jirani akarudi na gauni jipya, la buluu, lenye mkanda, akampa Nakunda. Mama akajifunga kanga vizuri, akamshika Nakunda mkono. Kwangu mimi alisema, "Wewe utabaki na Shangazi yako. Soma."

Gari la mlimani likaondoka na dada yangu amekaa dirishani na gauni mapajani, na mimi nimesimama barabarani nimeshikwa mkono na Shangazi. Nikaelewa kila kitu. Yaani nilidhani nimeelewa. Mmoja kapewa gauni, karudishwa nyumbani kwa mama yake. Mwingine hakupewa kitu, kaambiwa soma. Nani kafeli hapo? Huhitaji kwenda shule kujua.

Niliingia shule ile nikiwa najua ni ya waliofeli. Niliwatazama wenzangu wenye soksi ndefu, wanaongea Kiingereza puani, nikawaonea huruma kwa kweli. Walikuwa wametoka Moshi, wengine Mwanga, wengine wametoka Dar es Salaam kabisa, na wote wamekuja kuachwa pale. Wengine inaelekea walifeli tangu chekechea, maana walikuwepo miaka. Niliapa mimi sitakaa kiasi hicho. Nitasoma, nitafaulu, nitarudishwa.

Jamani, nilisoma. Mimi niliyekuwa siwezi kukaa na karatasi moja, nilisoma kwa hasira. Sikutulia, msifikiri nilitulia. Nilisoma nimesimama, nilisoma natembea kati ya mashine ya fotokopi na mlango, nilisoma huku naangalia nje kama gari la mlimani limefika. Shangazi akinipa nakala mbovu nilizijaza pande zote mbili. "Fast," "early," "hardly," "lovely," maneno yote yale yenye hila niliyafuata mpaka mashambani kwao, namna Nakunda alivyonionyesha, maana mkia ulikuwa umenifelisha mara moja na sikukusudia unifelishe tena. Usiku mabasi ya kwenda Moshi yalipiga honi nikaamka. Asubuhi kukiwa hakuna wingu niliiona milima yetu kutoka dirisha la darasa, imekaa pale juu, karibu kabisa, na mimi siruhusiwi. Begi langu sikulifungua kabisa kwa muda mrefu. Nguo nilizitoa moja moja, nikivua nazirudisha. Shangazi alinishangaa lakini hakuniuliza, na mimi sikumwambia. Yeye alikuwa mwema sana, alininunulia mpaka viatu vya Jumapili, na kila wema wake nilihesabu kuwa ananipoza.

Mama alipiga simu pale alipopanda kwenye kilima chenye mtandao. Maneno yalikuwa machache maana salio. "Hujambo? Unakula? Soma sana mwanangu." Nilimuuliza, "Nikifaulu nitarudi?" Akasema, "Utarudi, si utarudi likizo." Nikajibu haya. Kumbe ndiyo masharti yenyewe, nikawaza. Nikiongea na Nakunda alisema tu, "Maharage yametoka maua," au "Mbuzi kazaa," na sauti yake ilikuwa na kitu nilichodhani ni maringo. Aliyefaulu lazima aringe. Nilikata simu, nikarudi kwenye vielezi.

Muhula ulipokwisha nilikuwa wa kwanza kwa Kiingereza darasani. Shangazi aliisoma ripoti mara mbili, akaikunja, akasema, "Mh. Si mbaya." Akanipakia kwenye gari la mlimani pamoja na mfuko wa sukari. Nilishika ile ripoti njia nzima mkononi. Sikuitia kwenye begi, niliogopa ikipotea nani ataamini.

Nakunda alikuwa amenisubiri pale gari linapogeuzia. Alikuwa amevaa gauni la buluu, lakini lilikuwa limeshapauka, pindo lina matope. Viganja vyake vilikuwa vigumu. Alinibebea sukari. Nilitaka kumwonyesha ripoti hapohapo ila nikajikaza kisabuni, nikasema wa kwanza kuiona awe Mama. Lakini Mama alikuwa amekwenda kwenye msiba kijiji cha pili, alirudi jioni amechoka, akaniangalia, akasema nimenenepa, akalala.

Asubuhi ilikuwa zamu yetu ya maji. Nikamfuata Nakunda mpaka njia panda ya mfereji. Alikaa mahali pake, akatumbukiza mguu, na kutoka ndani ya kanga akatoa zile karatasi za Shangazi, zile za mistari myeusi, zimelainika kama kitambaa. Nyuma ya karatasi hizo alikuwa ameandika sentensi zake mwenyewe, nyingi, na kando ya kila moja jibu.

"Nisahihishie," alisema. "Wewe ndiye unayefundishwa siku hizi."

Nilizipitia. Nilitafuta kosa kwa bidii, niseme ukweli, kwa sababu nilikuwa bado namwonea wivu. Alikuwa amejitungia hata zenye hila, ng'ombe mpole na ng'ombe aliyekula kwa upole. Sikupata kosa.

"Umepata zote."

Akachukua karatasi zake, akazikunja. "Basi mwakani huenda nikaweza. Mama alisema nilikosa kidogo tu. Alisema Shangazi anaweza kunijaribu tena."

"Ulikosa wapi? Wewe si ulifaulu? Ndiyo maana ulipewa gauni ukarudi nyumbani."

Nakunda alinitazama kama mtu anayetazama mgonjwa. "Aliyefaulu ndiye anayebaki shuleni," alisema. "Wewe vipi? Ulidhani kule wamekuweka kwa nini?"

Nikamwambia nilivyodhani. Alicheka. Alicheka mpaka mguu ukatoka majini, na mimi nikacheka kwa aibu, kisha kicheko kikakatika kwa sababu lile jambo lilikuwa halikai sawa. Kama aliyebaki ndiye aliyefaulu, basi nilifaulu mimi, niliyekabidhi karatasi nikakimbilia bomba. Na akakosa yeye, aliyetoka wa mwisho, aliyenifundisha mimi. Haikuingia akilini. Lakini Mama ndiye aliyesema, na Mama hasemi uongo.

"Tubadilishane," nikasema.

"Nini?"

"Mimi nirudi, wewe uende. Umepata zote, na mimi nataka nyumbani. Shangazi anataka mmoja, hakusema lazima niwe mimi."

"Na maji?"

"Nitalinda mimi."

"Wewe," alisema Nakunda. Lakini nilimwona anafikiri. Maji yalipokwisha alinawa miguu, akanyoosha gauni, akapanga karatasi zake vizuri kwa ukubwa, na tulipokuwa tunateremka yeye ndiye aliyetembea mbele, tena kwa haraka. Sijawahi kumwona akitembea vile.

Mama alikuwa jikoni anachochea makande. Tulisimama mlangoni. Mimi, kama kawaida, nikaanza kabla ya salamu: hii hapa ripoti yangu, nimefaulu, na Nakunda naye nimemsahihisha amepata zote, kwa hiyo mimi nibaki na yeye aende Same, maji nitalinda, naapa sitakwenda popote hata waimbe msaragambo wa dunia nzima. Nikaisukuma ripoti mbele yake. Nakunda akasogeza karatasi zake juu ya ripoti.

Mama hakuzichukua. Alifunika chungu. Akakaa kwenye kigoda, na nikaona mikono yake haijui iende wapi, na Mama alikuwa mtu ambaye mikono yake daima ilikuwa na kazi.

"Nakunda hakukosa," alisema. "Nakunda alifaulu."

Nikauliza, "Na mimi?"

"Wewe ulipita kwa kuchechemea. Shangazi yako ndiye aliyewasihi wakupokee. Yeye alimtaka huyu." Akamwonyesha Nakunda kwa kidevu. "Mimi ndiye niliyekataa. Baba yenu yuko Bendera. Nikimtoa huyu, maji analinda nani? Shamba likauke tule nini? Wewe nikikuweka pale unafuata vipepeo. Nikasema mwenye faida abaki, asiye na faida aende shule." Alifuta uso kwa kanga. "Na nikamwambia amekosa kwa sababu angejua amefaulu, angekaaje hapa?"

Nimekuwa mtu mzima, nina watoto, na bado sijapata pa kuiweka hasira ya siku ile. Nilimkasirikia Mama, kisha nikamwona alivyokonda, nikaikasirikia Bendera, nikalikasirikia bwawa lenyewe la mababu. Nilitaka kukimbia, na ndani ya jiko lile hapakuwa na pa kukimbilia. Kwa mara ya kwanza nilijua kwa nini niko Same. Si kwa kuwa nilifeli na si kwa kuwa nilifaulu.

Nakunda hakulia. Alitazama chungu mpaka makande yakaanza kuchemka yakainua kifuniko. Kisha akauliza, "Nilipata ngapi?"

"Nini, mama?" Mama alimwita hivyo akiwa amelainika.

"Kwenye mtihani. Nilipata ngapi?"

 Nilimwona Mama anatafuta. Alitafuta kweli, macho yamekwenda juu kwenye moshi, na nikajua kabla hajasema kwamba hakumbuki, kwamba huenda hata hakuuliza.

"Alipata zote," nikasema mimi. "Shangazi aliniambia."

Shangazi hakuwa ameniambia chochote, na Mama alilijua hilo, alinitazama tukatazamana. Nakunda akageuka kwake.

"Eti, Mama?"

"Ndiyo," Mama akasema. "Zote."

"Hata zile za mwisho, zenye hila?"

"Hata hizo."

Nakunda akatikisa kichwa kukubali, taratibu. Akatoa mwiko ukutani, akachochea makande yasishike chini.

Shule zilipofunguliwa niliyerudi Same ni mimi. Nakunda alimalizia la saba kulekule juu, na mpaka leo yuko kulekule, ana shamba la tangawizi na watoto wanne wasiosikia. Nikienda likizo huwakuta wamekaa na mazoezi yao ya Kiingereza yamejaa wekundu wa mwalimu, naye yuko mlangoni anawasema. Anawaambia yeye enzi zake alishuka Same akafanya mtihani mgumu kuliko huo, na alipata zote. Hawamwamini, watoto wa siku hizi. Wananigeukia mimi msomi.

"Eti, Mama mdogo, ni kweli?"

Nawaambia ni kweli, nilikuwepo.